Maonyesho ya gemu za zamani: Pale mtoto anapokuta mzazi anajua zaidi yake

Oktoba 2018, kwenye ukumbi wa mikutano wa jiji la Portland, jimbo la Oregon nchini Marekani, watu wawili waliketi jirani, kila mmoja mbele ya runinga yake ya chogo. Mmoja alikuwa Jonas Neubauer, mwanamume wa miaka 37 aliyekuwa ametwaa ubingwa wa dunia wa gemu ya Tetris mara saba. Mwingine alikuwa Joseph Saelee, kijana wa miaka 16. Gemu waliyoicheza ilitolewa na kampuni ya Nintendo mwaka 1989, miaka mingi kabla kijana huyo hajazaliwa.

Saelee alishinda kwa michezo mitatu bila majibu, na bingwa wa zamani akampongeza mbele ya umati. Fainali hiyo ilifanyika ndani ya maonyesho yaitwayo Portland Retro Gaming Expo, ambayo kila mwaka hukusanya watu wa rika zote kucheza, kununua na kutengeneza gemu za zamani.

Sasa ilinganishe picha hiyo na hali ya nyumba nyingi leo. Mtoto yupo chumbani na simu, mlango umefungwa. Mzazi yupo sebuleni, anaita mara ya tatu chakula kinapoa. Anachojua kuhusu gemu hiyo ni kwamba inamaliza bando na kwamba mtoto hataki kuiacha. Hajui inachezwaje, inaisha lini, wala ni nani anayecheza na mwanawe upande wa pili.

Gemu ni gemu, za jana na za leo. Kinachotofautiana ni utaratibu unaozizunguka: zinachezwa wapi, na nani, kwa muda gani, na nani anasimamia. Ndiyo maana maonyesho haya ya gemu za zamani yanastahili kuangaliwa na mzazi, hata yule ambaye hatarajii kwenda Portland maishani mwake. Walioyaendesha kwa miaka mingi wamelazimika kujibu maswali ambayo mzazi anajiuliza nyumbani kila siku.

Ni maonyesho ya namna gani?

Usifikirie mkutano wa watu waliovaa suti. Fikiria ukumbi mkubwa kama ghala, taa zimepunguzwa, na ndani yake zimepangwa mamia ya mashine: zile ndefu za kusimama zilizokuwa zikitumbukizwa sarafu, mashine za pinboli za kugonga kipira cha chuma, na meza zenye runinga za chogo zilizounganishwa na mashine za nyumbani za miaka ya 1980 na 1990.

Maonyesho ya California Extreme, yaliyoanza mwaka 1997 kwenye eneo la San Jose na Santa Clara, yamejengwa juu ya wazo moja rahisi. Watu wenye mashine majumbani mwao huzileta ukumbini, zinawekwa kwenye mpangilio wa kucheza bila sarafu, na mwenye tiketi anacheza anachotaka. Mwaka 1999 yalianza maonyesho ya Classic Gaming Expo mjini Las Vegas. Waliokuwa nyuma yake ndio baadaye walioanzisha jumba la makumbusho ya gemu huko Frisco, Texas, lililofunguliwa mwaka 2016. Milwaukee wana Midwest Gaming Classic. Karibu na Washington, upande wa Maryland, kuna MAGFest, tamasha la muziki na gemu ambalo huendelea usiku na mchana kwa siku nne. Uingereza nao wana Jumba la Taifa la Makumbusho ya Gemu lililofunguliwa Sheffield mwaka 2018, ambako mgeni anaruhusiwa kushika pedi na kucheza, si kutazama tu kupitia kioo.

Vitu vinavyochezwa huko ni vya miaka mingi. Kuna Space Invaders ya mwaka 1978, Pac-Man ya mwaka 1980, mashine ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983 kwa jina la Famicom, na Game Boy ya mwaka 1989.

Mzazi wa Afrika Mashariki asione hayo ni mambo ya mbali. Mashine za kuiga Famicom, zilizotengenezwa zaidi Asia, ziliingia nchi nyingi za Afrika miaka ya 1990 zikiwa na kaseti zilizoandikwa kwamba zina mamia ya gemu, kumbe nyingi zilijirudia. Na PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000 na kuuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, ndiyo iliyojaza vibanda vya gemu mitaani kwetu. Huko kwenye maonyesho, mashine hiyo sasa inawekwa kwenye meza ya vitu vya kale.

Kwa nini liwe jambo la familia?

Kuna sababu tatu zinazoonekana wazi.

Kwanza, mzazi ndiye mwenyeji. Kwenye simu mtoto ndiye mwalimu na mzazi ndiye anayeuliza. Mbele ya Pac-Man au gemu ya kupigana ya mwaka 1992, mambo yanageuka. Baba anakumbuka njia, mama anajua kitufe cha kuruka, na mtoto anauliza, "Ulijuaje?" Mazungumzo yanaanza bila mtu kuyalazimisha.

Pili, gemu nyingi za zamani zinaisha. Una maisha matatu, yakiisha unampisha mwenzako aliyesimama nyuma yako. Hakuna ujumbe wa kukurudisha usiku wa manane, hakuna duka ndani ya gemu linaloomba namba ya kadi ya benki, hakuna mgeni asiyejulikana anayemwandikia mtoto wako.

Tatu, zinachezwa hadharani. Mtoto anajifunza kupanga foleni, kushindwa mbele ya watu, na kumpa mkono aliyemshinda.

Hata hivyo, tusizitakase gemu za zamani kupita kiasi. Mashine za sarafu zilitengenezwa ngumu makusudi ili mchezaji ashindwe haraka na kutumbukiza sarafu nyingine. Na wazazi wa wakati ule waliogopa kama sisi tunavyoogopa leo. Novemba 1982, C. Everett Koop, aliyekuwa daktari mkuu wa serikali ya Marekani, alisema hadharani kwamba gemu zinawadhuru vijana. Muda mfupi baadaye alifafanua kuwa hayo yalikuwa maoni yake binafsi, si matokeo ya ushahidi wa kisayansi.

Leo ushahidi upo zaidi, na unatusaidia kutofautisha mtoto anayependa gemu na mtoto anayehitaji msaada. Shirika la Afya Duniani, WHO, limeingiza tatizo la uchezaji gemu uliopitiliza kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni tatu: mchezaji kushindwa kujizuia, gemu kutangulizwa mbele ya mambo mengine yote ya maisha, na kuendelea kucheza hata madhara yanapoonekana wazi. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 au zaidi na iwe imeharibu masomo, kazi au uhusiano wa mtu na familia yake. Mtoto aliyecheza siku nzima kwenye maonyesho mara moja kwa mwaka hayumo katika kundi hilo. Mtoto aliyeacha shule, marafiki na usingizi kwa miezi mingi, huyo apelekwe kwa mtaalamu.

Kwa wadogo zaidi, WHO imetoa mwongozo tangu mwaka 2019: mtoto wa chini ya miaka miwili haishauriwi akae mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, pungufu ni bora zaidi. Ukienda na mtoto wa umri huo, muda wake mwingi uwe wa kutembea, kula na kuangalia mavazi ya wahusika wa gemu, si kukaa mbele ya mashine.

Mwanga unaomulika na kifafa

Hili ndilo jambo la kiafya ambalo mzazi hapaswi kulipuuza. Mwaka 1981, jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha taarifa ya kifafa kilichohusishwa na uchezaji wa gemu. Desemba 16, 1997, nchini Japani, kipande cha katuni ya Pokémon chenye mwanga mwekundu na wa bluu uliomulika kwa kasi kilisababisha watoto zaidi ya 600 kukimbizwa hospitali.

Kati ya kila watu 100 wenye kifafa, takriban watatu wana aina inayochochewa na mwanga unaomulika au michoro fulani. Hutokea zaidi kwa watoto na vijana, na mara nyingine tukio la kwanza ndilo linaloifanya familia igundue kwamba tatizo lipo. Kwenye ukumbi wa maonyesho kuna skrini nyingi, giza, uchovu na usingizi uliopungua, na mambo hayo yakikutana hatari huongezeka.

Kama mtoto wako ana kifafa, zungumza na daktari wake kabla ya kukata tiketi. Mkiwa ukumbini asikae karibu sana na skrini, apumzike mara kwa mara, na dawa zake zisirukwe. Akianza kujisikia vibaya mbele ya mwanga unaomulika, afunike jicho moja kwa kiganja na kugeuka upande. Kufumba macho yote mawili hakutoshi, maana mwanga hupenya kope.

Mtu akianguka kwa kifafa, ondoa vitu vigumu vilivyo karibu, weka kitu laini chini ya kichwa, mlaze ubavu na uangalie saa. Usimshikilie kwa nguvu wala kumtia kijiko mdomoni. Ikizidi dakika tano, au likifuata tukio jingine kabla hajazinduka, ita msaada wa dharura.

Masikio, macho na vidole

Mashine mia moja zikilia kwa pamoja, pamoja na muziki wa jukwaani, hufanya kelele kubwa. Wataalamu wa afya kazini nchini Marekani wanaweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa nane kwa mtu mzima. Kila zinapoongezeka desibeli tatu, muda salama unapungua kwa nusu: desibeli 88 ni saa nne, desibeli 91 ni saa mbili. Huna haja ya kifaa cha kupimia. Kama inakubidi upaze sauti ili usikike na mtu aliye umbali wa mkono mmoja, kelele imeshafika pabaya. Watoto wavae vikinga masikio, na kila baada ya muda mtoke nje mkapumzike.

Kwa macho, madaktari wana kanuni rahisi: kila dakika 20, mtoto aangalie kitu kilicho umbali wa mita sita kwa sekunde 20. Ukumbini ni rahisi kuifuata, kwani kumpisha mwenzako kwenye foleni ni mapumziko tayari.

Vidole navyo vina historia yake. Mwaka 1981 jarida la kitabibu la New England lilichapisha barua kuhusu maumivu ya kifundo cha mkono yaliyotokana na Space Invaders. Mwaka 1990 jarida hilohilo likaandika kuhusu mwanamke wa miaka 35 aliyeumia kano za kidole gumba baada ya kucheza Nintendo saa tano mfululizo bila kupumzika. Mgonjwa huyo, kama unavyoona, hakuwa mtoto. Mzazi anayerudi kwenye gemu za utoto wake akiwa na vidole vya utu uzima naye ajiwekee muda.

Usingizi, chakula na mafua

Wanaohudhuria mikusanyiko ya aina hii wana kanuni yao wanayorithishana: tano, mbili, moja. Yaani kila siku angalau saa tano za usingizi, milo miwili na kuoga mara moja. Inachekesha, lakini ilizaliwa kutokana na watu walioanguka kwa uchovu na njaa.

Kwa mtoto kanuni hiyo haitoshi. Mwenye miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi, na kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Ukumbi kuwa wazi saa 24 si amri ya kubaki humo saa 24. Familia nyingi hufaidi zaidi zikienda asubuhi, wakati foleni ni fupi na kelele ni ndogo, kisha kuondoka kabla ya jioni.

Kuna pia mafua ya maonyesho. Pedi moja inashikwa na mikono mingi kwa siku. Mwaka 2009, baada ya mkusanyiko mkubwa wa gemu wa PAX mjini Seattle, waandaaji walilazimika kuwatangazia waliohudhuria kwamba baadhi yao wamethibitika kuwa na homa ya H1N1. Kunawa mikono kabla ya kula si ushauri wa kizamani. Na mtoto mwenye homa abaki nyumbani, hata kama tiketi imelipiwa.

Sokoni: usinunue kwa macho ya utotoni

Karibu kila maonyesho yana soko, na hapo ndipo wazazi hushikwa na kumbukumbu wakasahau tahadhari. Mambo matatu ya kuangalia.

La kwanza ni betri ndogo za duara kama za saa. Vigemu vya mkononi vya Nintendo vilivyoanza mwaka 1980, viitwavyo Game & Watch, hutumia betri hizo, na kaseti nyingi za zamani zina betri ya duara ndani yake ya kutunza kumbukumbu. Mtoto mdogo akimeza betri ya aina hii na ikakwama kooni, inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa mbili. Hakikisha kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu au gundi ya utepe. Ukihisi mtoto amemeza, usimtapishe, nenda hospitali papo hapo.

La pili ni runinga ya chogo. Wapenzi wa gemu za zamani huitafuta kwa sababu ya maana: bunduki ya plastiki ya gemu kama Duck Hunt haifanyi kazi kwenye runinga bapa za kisasa. Lakini runinga ya inchi 27 inaweza kufika kilo 40, na ikimwangukia mtoto ni msiba. Iwekwe chini au kwenye meza pana imara, kamwe isiwekwe juu ya kabati la droo. Usiifungue. Ndani yake umeme wa maelfu ya volti unaweza kubaki hata baada ya kuchomolewa ukutani. Ikipasuka, kioo chake kina madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto.

La tatu linawahusu ndugu zetu walio Marekani wanaotuma zawadi nyumbani. Mashine nyingi za zamani za Marekani zimetengenezwa kwa umeme wa volti 120. Ukichomeka adapta yake moja kwa moja kwenye soketi ya Dar es Salaam au Nairobi, yenye volti karibu mara mbili, utaiunguza na unaweza kuwasha moto. Mtume na kigeuzi cha umeme kinachofaa, au mnunue adapta ya huku.

Nyuma ya pazia: kazi ya waandaaji

Anayecheza haoni kazi iliyofanyika usiku kucha. Maonyesho mengi, yakiwemo ya Portland na MAGFest, huendeshwa na taasisi zisizolenga faida, na wanaofanya kazi ni watu wa kujitolea wanaopewa zamu.

Kazi ya kwanza ni kubeba. Mashine ya kusimama huzidi kilo 100 mara nyingi, hivyo kuna toroli, mikanda na watu wanaojua kuinua kwa miguu badala ya mgongo. Kazi ya pili ni umeme. Saketi moja ya kawaida ya ukumbi wa Marekani, ya ampea 20 na volti 120, hubeba wati 2,400, na kwa mzigo wa saa nyingi hairuhusiwi kupita asilimia 80, yaani wati 1,920. Kama kila mashine inakula wati 200, hapo zinaingia tisa tu, ya kumi inavuka kiwango hicho. Ndiyo maana ramani ya ukumbi huchorwa kwa kufuata umeme kabla ya kufuata urembo, na nyaya hufunikwa ili watoto wasijikwae.

Kazi ya tatu ni ufundi. Mashine ya miaka 40 itakufa siku ya maonyesho, hilo halina mjadala. Mafundi huzunguka na visanduku vya zana, na iliyoshindikana huwekewa karatasi ya kwamba ni mbovu. Mtoto akimwona fundi amefungua mgongo wa mashine, mwache aulize akiwa pembeni. Wengi wao hufurahi kueleza.

Kazi ya nne, na ngumu kuliko zote, ni watu. Maonyesho yaliyopangwa vizuri huwa na kanuni za mwenendo zilizobandikwa wazi: hakuna kumgusa mtu aliyevaa mavazi ya mhusika wala kumpiga picha bila ruhusa, silaha za kuigiza hukaguliwa mlangoni, na kuna meza inayojulikana ya kupeleka malalamiko. Mengine yana chumba cha utulivu kwa aliyezidiwa na kelele, jambo linalowasaidia sana watoto wenye usonji. Kabla ya kununua tiketi, tafuta kanuni hizo. Maonyesho yasiyosema lolote kuhusu usalama wa watoto, yaache.

Wapo pia waliogeuza mapenzi ya gemu za zamani kuwa msaada. Januari 2010, kundi la wachezaji waliotaka kumaliza gemu za zamani kwa kasi walipanga kurusha matangazo yao kutoka MAGFest, intaneti ikawaangusha, wakahamia nyumbani kwa mzazi wa mmoja wao. Walikusanya zaidi ya dola 10,000 kwa shirika la misaada la CARE. Matukio yao, yanayojulikana kama Games Done Quick, tangu hapo yamechangia mamilioni ya dola kwa kazi za kuzuia saratani na kwa Madaktari Wasio na Mipaka.

Kama uko mbali na Portland

Utaratibu huu unaweza kuuleta mtaani au shuleni bila ukumbi wa maelfu. Runinga tatu au nne, mashine chache zilizolala kabatini kwa wazazi, Jumamosi moja kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana. Weka mtu mzima mmoja kwa kila runinga. Kila mchezaji apate zamu fupi kisha ampishe mwenzake. Andikeni pointi ubaoni kwa chaki. Pangeni timu za mzazi na mtoto, si watoto peke yao. Fundi umeme akague nyaya na ekstensheni kabla ya siku. Maji ya kunawa yawepo mlangoni, na gemu zenye damu na risasi ziachwe nyumbani.

Na nyumbani kwako, hata kama gemu pekee iliyopo ni ya kwenye simu, mengi ya hayo yanawezekana. Gemu ichezwe sebuleni badala ya chumbani. Muda ukubaliwe kabla ya kuanza, usitangazwe katikati ya mchezo. Simu zilale nje ya vyumba vya watoto. Na mara moja kwa wiki mzazi akae chini aombe kufundishwa. Utashindwa vibaya, na mtoto atacheka. Lakini utakuwa umejua gemu inachezwaje, inaisha lini na nani yuko upande wa pili.

Kabla hamjaondoka nyumbani kwenda kwenye maonyesho

Mpige mtoto picha asubuhi hiyo ili ujue alivaa nini. Mwandikie namba yako ya simu kwenye utepe wa mkononi. Kubalianeni mahali pa kukutana mkipotezana, mfano meza ya mapokezi, na mwonyeshe sare ya wanaojitolea ili ajue wa kumwomba msaada. Bebeni maji, chakula, vikinga masikio, sweta na dawa za anayezitumia. Mpe mtoto kiasi cha fedha cha kutumia sokoni na kiishe hapo. Na wewe mwenyewe, jiwekee chako.